Fazi Tuliyoichagua Diani

Kabla mtu mmoja na kinanda chake cha umeme hawajachukua nafasi ya bendi nzima, hoteli kubwa za Diani ziliajiri wanamuziki kwa msimu. Jadini, Trade Winds, Two Fishes na nyinginezo: ukipita ufukweni usiku wa Desemba, muziki wa hoteli moja ulikuwa haujakwisha sikioni, umeshaingia kwenye muziki wa hoteli ya pili. Nilipiga gita la solo katika bendi mojawapo miaka ya 1970, nikitoka Msambweni kwa matatu hadi Ukunda na kumalizia safari kwa miguu. Vijana wanaoshika gita leo huniuliza ile sauti yetu ya kukwaruza ilitoka wapi, na wenye uwezo huniuliza wanunue fazi ipi kati ya hizi zinazoundwa upya kwa mtindo wa zamani. Wengi wa wale niliopiga nao wametangulia mbele ya haki, kwa hiyo naandika niliyoyaona.

Ratiba yetu ilikuwa pana. Jioni wageni wakila tulipiga polepole, na *Malaika* haikukosa hata siku moja. Baada ya chakula tulianza twisti za Daudi Kabaka na wenzake wa Equator Sound, kisha rumba za Kongo, kisha chakacha. Katikati kulikuwa na zamu ya gita bila mwimbaji, na hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote: *Apache* ya The Shadows, *Walk, Don't Run* ya The Ventures, *Pipeline*, na *Misirlou* kama alivyoipiga Dick Dale mwaka 1962. Muziki kama wa Dick Dale, tunaouita muziki wa mawimbi, ulizaliwa California kwa vijana waliokuwa wakiteleza juu ya mawimbi kwa mbao. Kwetu mawimbi makubwa huvunjika mwambani, mbali na ufuko, na ndani ya mwamba maji ni shwari. Hata hivyo sauti yake ilitukaa vizuri, na ninajua sababu.

Dick Dale alikuwa Mmarekani, lakini baba yake alikuwa na asili ya Lebanoni, na mwendo ule wa kuudonoa uzi mmoja haraka haraka, juu na chini bila kupumzika, ulitokana na muziki wa Kiarabu wa ami yake aliyepiga udi. *Misirlou* yenyewe ni wimbo wa watu wa mashariki ya Mediterania, uliorekodiwa na Wagiriki tangu miaka ya 1920. Mtoto wa Msambweni aliyekua akisikia udi kwenye harusi, na baadaye akamsikia Zein l'Abdin wa Mombasa akiutetemesha uzi, hakuhitaji kufundishwa wimbo ule mara mbili. Vidole vyangu viliujua kabla sijamaliza kuusikiliza.

Sauti ya msingi ya muziki huo ni safi. Gita linalia wazi, na ndani ya amplifaya kuna springi ndefu zinazoupa kila mdonoo mwangwi wa majimaji. Fazi ni kitu kingine. Ni kisanduku cha kukanyaga kwa mguu, kinachokaa kati ya gita na amplifaya. Kazi yake ni kukuza sauti ya uzi mpaka transista ishindwe kuibeba, vilele vya sauti vikatwe, na uzi uliokuwa laini uanze kuvuma na kukwaruza. Chanzo chake ni hitilafu. Katika kurekodi *Don't Worry* ya Marty Robbins, iliyotoka mwaka 1961, besi aliyoipiga Grady Martin ilipita kwenye mtambo wa studio ya Nashville ulioharibika, ikatoka inanguruma. Fundi mitambo Glen Snoddy akaiunda upya sauti hiyo kwa transista, na mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikaiuza kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Mwaka huohuo The Ventures wakatoa *The 2000 Pound Bee*, fazi juu ya muziki wa mawimbi. Lakini dunia nzima iliisikia kweli mwaka 1965, Keith Richards alipoipiga kwenye *Satisfaction*.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kisanduku kile kiliuzwa kwa ahadi kwamba mpiga gita ataweza kuiga vyombo vya kupuliza. Hilo ndilo lililotuvuta sisi. Kiongozi wa bendi yetu alikuwa Mdigo aliyelelewa kwenye ngoma za sengenya, na katika sengenya nzumari ndiyo inayoongoza: kali, inayovuma, inayosikika hadi kijiji cha pili. Alitaka kufungua zamu ya gita kwa mwito wa nzumari, kisha tuingie *Misirlou* bila kusimama. Mpiga nzumari tuliyemtaka alikuwa mzee asiyetoka nyumbani usiku. Kiongozi akanigeukia mimi. Alitaka gita lipige kelele ya mwanzi, na ukali ule usiumeze mwangwi wa springi utakaofuata.

Ya kwanza tuliyoijaribu ilikuwa Fuzz Face, ile ya duara inayofanana na uso, iliyoanza kuundwa London na kampuni ya Arbiter mwaka 1966. Mtalii Mjerumani aliyekuwa mpiga gita alikuja nayo, akaniazima kwa majuma aliyokaa. Ilikuwa ya transista za jemaniamu. Usiku wa kwanza, upepo wa bahari ukivuma, sijawahi kusikia gita langu likisema hivyo. Lilivuma bila kuchoma. Nikipunguza kidogo sauti kwenye gita lenyewe, mkwaruzo ulijikunja na sauti safi ikarudi, bila kugusa kitu kwa mguu. Kwa mtu anayetoka kwenye mwito wa nzumari akiingia *Misirlou*, hiyo ni neema.

Kisha ikaja dhifa ya mchana kando ya bwawa, mwezi Machi, mwisho wa kaskazi, joto limepita digrii 32 na kisanduku kimekaa juani. Fazi ileile ikaanza kukohoa. Noti zilikatika kabla ya wakati wake, kukawa na mvumo wa chini usiokoma, na ule utamu wote ukatoweka.

Nikaipeleka kwa fundi redio wa Ukunda, mzee aliyejifunza kazi kwa kufungua redio za Philips. Akaifungua, akacheka kwa furaha. Ndani kulikuwa na transista 2, rezista 4 na kapasita 3, basi.

"Hii haikuharibika, mwanangu. Imeshikwa na joto. Hata redio za zamani hufanya hivi, mchana zinakoroma, usiku zinasema."

"Itapona, Mzee?"

"Itapona jua likizama. Lakini wewe unataka ya mchana pia."

Akanieleza, na maelezo yake bado ni sahihi leo. Transista ya jemaniamu huvujisha mkondo wa umeme hata pale isipotakiwa kuupitisha. Joto likiongezeka, uvujaji huo unaongezeka, takriban mara mbili kwa kila digrii 10. Kisanduku kile kilipangwa kwa hali ya hewa ya London. Transista yake ya pili inapaswa kukaa karibu na nusu ya zile volti 9 za betri, na kwa joto letu inateleza kutoka hapo, ndipo noti zinapokatika. Transista ya silikoni huvujisha kidogo sana, kwa hiyo jua la Diani haliisumbui. Ukichagua fazi, alisema, unachagua kwanza hali ya hewa.

Mjerumani aliporudi kwao na kifaa chake, fundi akaniambia nisihangaike kuagiza Ulaya. Vifaa vyote vilikuwa kwenye maiti za redio chini ya meza yake. AC128, transista ileile waliyoitumia waundaji wengi wa fazi, ilikuwa ikiendesha spika za redio ndogo kila mahali. Alizipima moja moja, kwa kuwa mbili zenye namba moja hazilingani: moja inakuza sana na kuvuja sana, nyingine imelala. Alizitupa nyingi, akabakiza mbili. Akaweka rezista ya kuzungusha kwa bisibisi, ili nirudishe zile volti mahali pake hali ya hewa ikibadilika. Kisanduku cha pili akakiunda kwa silikoni, BC108 mbili. Cha tatu alikifanya kwa hamu yake tu, kwa OC71, zile za kioo zilizopakwa rangi nyeusi. Hicho kilitufundisha jambo la ajabu: rangi ya transista moja ilikuwa imechubuka, na tulipokimulika kwa tochi kisanduku kikiwa wazi, sauti ya gita ilibadilika. Jemaniamu iliyo uchi huhisi mwanga. Akaizungushia utepe mweusi, lakini kisanduku hicho sikukichukua jukwaani.

Tulivijaribu viwili vilivyobaki mahali penyewe, kwenye ukumbi wetu wa makuti usio na kuta, kabla ya watu kuja. Mimi nilipiga; kiongozi na mpiga besi walisimama nje mchangani, pale wachezaji wa mwisho husimama. Hili nalisisitiza kwa kila kijana. Awali, tulipovijaribu chumbani, jemaniamu ilishinda kwa mbali. Nje mchangani, makuti yamekunywa nusu ya sauti na upepo umechukua nusu iliyobaki, jemaniamu ilisikika kama mtu anayesemea ndani ya blanketi. Silikoni, iliyokuwa ikichoma sikio chumbani, huko nje ilitoka kama nzumari hasa. Kiongozi alirudi kutoka mchangani akiwa ameshaamua, uso wake wote unacheka.

Silikoni ilikuwa na tabu yake. Inakuza mno, na usiku ilinasa redio. Kuna wakati, katikati ya kimya kabla ya *Apache*, spika zetu zilisoma taarifa ya habari. Fundi akaongeza kapasita ndogo sana kwenye transista ya kwanza, redio ikanyamaza, na ule ukali wa juu kabisa ukapungua ukabaki unaotosha.

Baada ya hapo ilibaki kazi ya mkono. Kwenye fazi, piga uzi mmoja mmoja. Ukipiga nyuzi tatu pamoja, sauti zao zinagombana ndani ya transista na kutoa tope, na muziki wa mawimbi ukishakuwa tope umekufa. Fazi ikae kabla ya mwangwi: gita, fazi, kisha springi. Ukigeuza, mwangwi wote unakwaruzwa pamoja na noti na hutasikia wimbo. Mimi niliweka fazi chini ya nusu, nikaiachia sauti ya gita ifanye yaliyobaki. Jemaniamu niliitoa wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, usiku ukiwa baridi na wageni wachache, tukipiga taratibu. Hapo haikuwa na mpinzani.

Tulipiga hivyo kwa miaka mingi. Huko Bamburi, bendi ya Them Mushrooms ya akina Harrison ilikuwa ikipanda, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 *Jambo Bwana* yao ilifanya kila hoteli itake wimbo huo kila usiku. Nafurahi kwa ajili yao, ni ndugu zetu wa pwani na walistahili. Ila zamu ya gita bila mwimbaji ilifupishwa, kisha ikafutwa. Kinanda chenye ngoma ndani yake kikafuata, kikiwa na mshahara wa mtu mmoja. Agosti 1997 fujo za Likoni ziliwafukuza watalii, na bendi zilizokuwa zimebaki Diani zikatawanyika.

Siku hizi ufuko uleule umejaa wanaoteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara, na nimewasikia vijana wetu wakipiga tena muziki wa mawimbi kwenye baa za Diani. Kwao nasema hivi. Usinunue fazi kwa jina wala kwa umbo la kisanduku. Uliza ina transista gani. Ikiwa ni jemaniamu, uliza kama ina kirekebisho cha volti. Kama haina, iache, kwa kuwa itakuangusha Machi. Ijaribu kwa amplifaya utakayopigia, nje, saa utakayopigia, na mwenzako asimame mbali akusikilize. Ukilazimika kuagiza bila kujaribu, agiza ya silikoni na upunguze sauti kwenye gita. Na redio ya babu iliyokufa kabatini usiitupe wala kumpa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mpelekee fundi aifungue kwanza aangalie kama kuna AC128 ndani, kwa sababu hazitengenezwi tena kama zamani, na mbili nzuri zinatosha fazi nzima.