Waliosubiri Tarehe

Watu wakisikia kwamba nilikuwa askari magereza, swali lao la kwanza huwa la wauaji. Wanataka kujua kama niliogopa, kama kuna siku nilivamiwa, kama yule jambazi aliyevuma magazetini alikuwa mkali kama alivyosemwa. Huwa nawajibu kwa ufupi, kwa sababu utumishi wangu kwa sehemu kubwa haukuwa na watu wa namna hiyo. Nilikuwa upande wa wanawake katika gereza la mahabusu jijini Dar es Salaam, na wale niliowafungia na kuwafungulia milango hakuna hakimu aliyekuwa amewatia hatiani. Walikuwa wanasubiri tarehe.

Nilivaa sare mwishoni mwa miaka ya 1980, nikiwa kijana wa cheo cha Wada, viatu vinang'aa kuliko akili. Hati ya Haki ilikuwa imeshaingizwa kwenye Katiba yetu mwaka 1984, na mahakama zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kuitumia. Ibara ya 13 inakataza kabisa mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitika. Sheria ya Magereza ya 1967 nayo ilikuwa imeshawatenga mahabusu na wafungwa: wavae nguo zao wenyewe, waruhusiwe kuletewa chakula kutoka nyumbani. Maandishi yalikuwa mazuri. Lakini ukuta ni ule ule, kufuli ni lile lile, na filimbi ya alfajiri ikilia hakuna anayeuliza nani amehukumiwa na nani bado.

Asubuhi ilianza na idadi. Zamu inayotoka inakabidhi watu kwa zamu inayoingia, na hakuna anayekwenda nyumbani mpaka hesabu itimie. Wanawake wanachuchumaa kwa mistari, kila mmoja anataja namba yake. Nakumbuka mtoto mmoja wa kiume, aliingia gerezani akiwa mgongoni kwa mama yake kwa kuwa alikuwa bado ananyonya, na akajifunza kuhesabu mle ndani kabla hajajua kutamka majina ya rangi. Mama yake akisema "kumi na saba," yeye anadakia "kumi na nane!" kwa sauti ya juu, na idadi inavurugika, tunaanza upya. Sajini wetu alikuwa mtu mkali, lakini asubuhi hizo hakumkemea hata mara moja. Alikuwa akigeuka pembeni mpaka uso wake utulie. Yule mtoto aliishi pale kwa kosa ambalo hata mama yake hakuwa amethibitishiwa, na sikuwahi kumsikia mtu yeyote akimtaja mahakamani.

Baada ya idadi ni ndoo. Vijana wanaoajiriwa leo hawazijui sana ndoo zile, na namshukuru Mungu. Usiku watu wamefungiwa tangu jioni, choo chao ni ndoo iliyo pembeni mwa chumba, na anayelala karibu nayo ni mgeni au asiye na mtu. Mlango ukifunguliwa alfajiri, ile harufu inakupiga kifuani. Kisha uji, na alasiri ugali na maharage. Kati ya uji na ugali ndipo palipokuwa na urefu wa siku. Mfungwa angalau alikuwa na shamba, karakana au ufyatuaji wa matofali. Mahabusu hakuwa na kazi. Alikaa, akasuka nywele za mwenzake, akazifumua, akazisuka tena.

Katika kazi zote, iliyonifundisha zaidi ilikuwa kupokea vyakula getini. Ndugu wanafika na vikapu na hotipoti. Kazi ya askari ni kukagua: unakata samaki vipande, unapasua chapati, unachovya kijiko kwenye mchuzi mpaka chini, na aliyekileta chakula anakionja mbele yako. Kuna bibi mmoja alikuwa akija kutoka mbali, amebeba wali kwenye bakuli lililofungwa kwa kanga. Nilikuwa namwamkia, "Shikamoo, bibi," naye anaitikia "Marahaba, afande mjukuu wangu," halafu anaonja kijiko kimoja, polepole, anameza huku ananitazama. Alikuwa anaona aibu kuonja chakula alichompikia mwanawe kana kwamba ni mtu wa kumwekea sumu. Nilijifunza kukagua vyakula vya wazee kwa kuuliza habari za nyumbani, ili mikono yangu ifanye kazi yake bila ya macho yangu kuwapo. Kikapu kilivyozidi kuwa chepesi, ndivyo nilivyojua kesi inavyochelewa. Mwanzo ni pilau na kuku, baada ya miezi ni ndizi na mkate, baadaye ni sabuni tu. Halafu hakuna anayekuja. Kwa bibi yule sikuona hatua hizo. Yeye alikuja na wali ule ule mpaka binti yake alipotoka.

Siku ya mahakama, hata hivyo, ilikuwa sikukuu. Kesi ya aliye mahabusu hutajwa kila baada ya siku 14, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na siku yake, na alianza kuiandaa mapema. Kulikuwa na gauni la mahakamani. Lilikunjwa likawekwa chini ya mkeka anaolalia ili lipate pasi, na asiyekuwa nalo aliazimwa. Alfajiri majina yanasomwa, karandinga linanguruma uani, na wanawake wanapanda wakiwa wamejipaka mafuta usoni kama wanaokwenda harusini. Nyuma ya nyavu za karandinga walikuwa wanautazama mji kwa pupa. Wanataja maduka, wanaona ghorofa mpya, wanabishana kama ile njia ilikuwa na mwembe au haikuwa nao. Pale mahakamani ndugu wanakuwa wameshafika. Wanakimbilia karandinga likisimama, mtu anaitwa kwa jina lake la utotoni, mtoto ananyanyuliwa juu ili mama amwone. Dakika chache tu, na sisi askari tuliziacha zipite.

Ndani ya chumba cha mahakama mambo yalikuwa mafupi zaidi. Mwendesha mashtaka anasimama na kusema upelelezi haujakamilika, anaomba tarehe nyingine. Hakimu anaandika. Basi. Niliisikia sentensi hiyo mpaka nikawa naota nayo. Niliona mwanamke akiisikia akiwa na mimba, akaisikia akiwa amejifungua, akaisikia mtoto akiwa anatambaa. Na kwa makosa ambayo sheria haiyatolei dhamana, kama mauaji au unyang'anyi wa kutumia silaha, na baadaye utakatishaji wa fedha, hakukuwa na cha kufanya zaidi ya kupanda tena karandinga na kurudi.

Wengine dhamana walikuwa nayo. Hakimu ameshaitoa, masharti ni wadhamini wawili wenye kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Wadhamini wawili! Kwa msichana wa kazi za ndani aliyetoka Singida au Kigoma, ambaye mtu pekee anayemjua mjini ni huyo huyo mwajiri aliyemshtaki kwa wizi, hilo ni sharti kubwa kuliko milioni mia. Nasema haya kwa uchungu kwa sababu nyuso zao ninazo mpaka leo. Walikuwa ndani kwa kukosa watu wawili wa kuandika majina yao.

Msongamano nao ulikuwa na ukatili wake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 magereza ya nchi yalikuwa yakishika karibu mara mbili ya uwezo wake, na karibu nusu ya waliokuwamo ni mahabusu. Watu walilala kwa ubavu, wakageuka kwa pamoja kwa amri. Novemba 2002 habari zikatufikia kutoka Mbarali, mkoani Mbeya: watu 17 wamekufa kwa kukosa hewa wakiwa wamesongwa mahabusu. Jioni ile, kabla ya kufunga, wazee wa zamu yetu walizunguka wakagusa kila dirisha. Hakuna aliyetoa amri hiyo. Kila aliyeshika funguo usiku ule alijua angeweza kuwa yeye.

Jambo jingine ambalo sikulizoea ni msamaha wa Rais. Aprili 26, Siku ya Muungano, na Desemba 9, Siku ya Uhuru, ni siku za furaha magerezani. Desemba 9, 2019, Rais Magufuli alitangaza kuwasamehe wafungwa 5,533, na nchi nzima ilishangilia, kwa haki kabisa. Lakini msamaha ni wa aliyehukumiwa. Mahabusu hasamehewi, kwa kuwa kisheria hana cha kusamehewa. Mwanamke aliyeiba na kufungwa anaondoka na furushi lake, na jirani yake ambaye hakuna aliyethibitisha kitu juu yake anabaki dirishani anampigia vigelegele. Walipiga vigelegele kweli kweli, wala sikuona kijicho. Mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia.

Siku hizi mengi yamebadilika, na mtu muungwana lazima ayaseme. Mwaka 2020, UVIKO-19 ulipoingia nchini, kesi za mahabusu zikaanza kutajwa kwa njia ya video. Mwaka 2022 sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ikarekebishwa: mtu asifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Januari 2023 Rais Samia akaunda Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Othman Chande, na ripoti yake ikakabidhiwa Julai mwaka huo. Mambo tuliyokuwa tukiyanong'ona jikoni kwenye zamu za usiku sasa yanasomwa Ikulu mbele ya kamera. Nililia niliposikia.

Ila ile video ina deni. Mahabusu anaitwa, anakaa kwenye kiti mbele ya skrini, anaitikia jina lake, anaambiwa tarehe nyingine, anarudishwa chumbani. Hakuna mafuta yanayoteketea, hakuna hatari ya kutoroka, na kwa Serikali ni nafuu kubwa. Lakini gauni la mahakamani halina kazi tena. Mtoto hanyanyuliwi juu. Mama aliyekuwa anahesabu siku 14 ili aguse vidole vya mwanawe kwenye nyavu, sasa akija mahakamani anakuta jina tu linasomwa. Kwa mtu aliyehukumiwa ningesema ni sehemu ya adhabu. Huyu hajahukumiwa, na tulimchukulia kitu pekee alichokuwa akikipata bila ya kumuuliza wala kumpa kingine badala yake. Kama tunaweza kuunganisha mahakama na gereza kwa waya, waya huo huo unaweza kumwonyesha mama mwanawe kwa dakika tano baada ya hakimu kumaliza. Hilo halihitaji sheria mpya.

Nimestaafu, sina amri ya kumpa mtu. Nina ombi. Kama kuna binti wa jirani, kijana wa bodaboda wa mtaani kwenu, au dada wa kazi wa nyumba ya pili yuko mahabusu, uliza kwanza kama ana dhamana. Ikiwa anayo na amekosa wadhamini, nenda ofisi ya serikali ya mtaa na kitambulisho chako, uchukue barua, umtoe. Na ikiwa hana, siku ya kuona ndugu beba chakula uende. Kitakatwakatwa getini na utakionja mbele ya askari, usione aibu. Mwambie aliyeko zamu jina kamili la unayemfuata, kwa sababu wale wasio na mtu hukaa siku nyingi bila ya jina lao kuitwa.