Thibitisha au Futa

Ndugu msomaji, kuna lalamiko moja ninalolisikia kila tunapokutana sisi vijana tunaojaribu kuandika. Eti huku kwetu Ufipa hakuna kisa cha kuandika. Riwaya ziko Dar es Salaam, kwenye daladala na majumba ya starehe. Sumbawanga kuna baridi, mahindi na uchawi, basi. Mtajie mtu wa Dar kwamba unatoka Sumbawanga uone: atasogea pembeni kidogo, halafu atacheka. Hata jina la mji wamelifanya ushahidi, ilhali wazee wetu hulieleza kuwa ni amri ya kumtaka mtu autupe uchawi wake. Sisi tunaambiwa tutupe, wenzetu wanasikia tunafuga!

Mimi niliishia kidato cha nne. Nina madaftari matatu ya riwaya ambayo bado haijapata mwisho, na mhusika wake mkuu ni mbunge. Nilipowaeleza washikaji pale kijiweni, karibu na stendi, walicheka mpaka kahawa ikamwagika. "Mbunge? Utaandika nini zaidi ya kitambi na shangingi?" Niliwaambia kwamba tulikuwa naye wetu hapahapa, mtu ambaye maisha yake yanatosha riwaya mbili na chenji ikabaki. Nilimaanisha marehemu Chrisant Majiyatanga Mzindakaya, aliyekuwa mbunge wa Kwela.

Kwa wasiolijua jimbo hilo, Kwela si mji wa Sumbawanga. Ni vijiji vya uwanda wa juu kama Laela, nyumbani kwa bibi yangu, ambako ng'ombe wanalima na kuvuta mikokoteni. Halafu unateremka Lyamba lya Mfipa, ule ukuta wa milima, unafika Bonde la Ziwa Rukwa, kwenye joto na mbu, Muze na Mtowisa. Juu watu wanavaa masweta mwezi wa sita, chini wanatembea vifua wazi. Mbunge wa huko alitakiwa awasemee wote hao kwa mdomo mmoja.

Mzindakaya aliingia bungeni akali kijana, katika miaka ya 1960, enzi ya TANU. Wakati huo siasa ilikuwa na sura nyingine kabisa. Katika uchaguzi wa 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, wagombea wawili wa chama kilekile walisimamishwa jimboni, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Mpiga kura asiyejua kusoma aliweza kuchagua. Hebu fikiri, ndugu yangu: wanaume wawili wa chama kimoja, sera moja, picha moja ya Mwalimu ukutani, na bado mmoja lazima aanguke. Alama ya jembe kwa mkulima ni neema. Je, yule aliyepewa nyumba alilala usiku ule? Hicho tu ni sura nzima ya riwaya, na hatujaiandika.

Mzee huyo alipita katika enzi zote. Alikuwa mbunge, aliwahi kuwa mkuu wa mkoa, akaiona TANU ikiungana na ASP na kuzaa CCM mwaka 1977, akauona mfumo wa vyama vingi ukirudi mwaka 1992. Wengi waliokulia katika chama kimoja walinyamaza au walichakaa. Yeye alikuwa na umri wa babu ndipo jina lake likavuma kuliko wakati wowote.

Mwaka 1996 mimi nilikuwa bado sijazaliwa. Niliyonayo ni ya baba mdogo, ambaye alikuwa na redio ya mkulima yenye betri nne, na betri zikiisha nguvu alizianika juani. Anasema watu walikuwa wanajaa uani kwake kusikiliza habari za Bunge kutoka Dodoma. Bunge hilo ndilo lilikuwa la kwanza kuchaguliwa chini ya vyama vingi, mwaka 1995, na Rais Mkapa alikuwa mpya. Ndipo mbunge wa Kwela, wa chama tawala, akasimama kuisema serikali ya chama chake mwenyewe juu ya misamaha ya kodi. Magazeti yalipofika Sumbawanga, yamechelewa siku kadhaa na yamejaa vumbi, yaliandika kwamba amelipua bomu. Mwaka huohuo Waziri wa Fedha, Profesa Simon Mbilinyi, alijiuzulu.

Mwaka 2001 ikaja sukari. Safari hii suala lilikuwa vibali vya kuagiza sukari kutoka nje. Ukitoa vibali kupita upungufu uliopo, sukari ya nje inafurika sokoni, viwanda vya nyumbani vinashindwa kuuza yao, na mkulima wa miwa anabaki na miwa yake shambani. Mzindakaya alikuwa mstari wa mbele tena, na Waziri wa Viwanda na Biashara, Iddi Simba, akajiuzulu. Sisemi kwamba kujiuzulu ni sawa na kuhukumiwa na mahakama. Hayo ni mambo mawili. Ninachosema ni kwamba mtu wa Kwela alisimama akasema, na kiti kikubwa kikatikisika.

Sasa nguvu hiyo ilitoka wapi? Vijana wenzangu wanadhani ni ukali wa sauti. Hapana bwana. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 100, inampa mbunge uhuru wa kusema ndani ya Bunge bila kushtakiwa mahakamani kwa maneno yake. Lakini Bunge lenyewe lina kanuni zake. Mbunge akitoa tuhuma, mwenzake anaweza kusimama na kudai uthibitisho, na Spika akamwambia athibitishe au afute kauli yake. Hapo ndipo mwanamume anapojulikana. Wengi hufuta na kuketi. Sifa ya Mzindakaya, kwa maneno ya baba mdogo, ni kwamba hakusimama mikono mitupu. "Yule mzee alikuwa anakuja na makaratasi," ananiambia kila mara, huku akipiga goti lake kama vile makaratasi yenyewe yako pale.

Maneno hayo, thibitisha au futa, yalitoka redioni yakaingia vijijini. Nilipokuwa darasa la tatu, kule Laela kulikuwa na mama mzee, mjane, jirani yetu. Mtoto wa nyumba ya tatu aliugua akafa. Minong'ono ikaanza, kwanza kisimani, halafu kilabuni, halafu mchana kweupe. Macho ya yule mama yalikuwa mekundu, kama ya kila mwanamke aliyepulizia kuni maisha yake yote, na hayo macho ndiyo yaliyokuwa ushahidi. Ukaitishwa mkutano wa kitongoji. Mtu mmoja akasimama akasema hadharani kwamba mtoto kaliwa.

Bibi yangu alikuwa amekaa chini na wanawake wenzake. Aliinuka, akajifunga kanga upya, akasema, "Mwanangu, nakuheshimu. Lakini hayo uliyosema, thibitisha. Kama huwezi, futa, sote tukisikia."

Watu walicheka, maana bibi alikuwa ameigiza sauti ya Bunge bila kukusudia. Kisha kicheko kikakata. Yule mtu alifungua mdomo, akaufunga. Hakuthibitisha. Wala hakufuta. Mwenyekiti akasema tufunge mkutano kwa kuwa mvua inakuja, na kweli ilikuwa inakuja. Usiku ule hakuna aliyeigusa nyumba ya yule mama. Baada ya mwezi mmoja mwanawe alikuja na mkokoteni akamchukua, na hatukumwona tena Laela. Shamba lake linalimwa na watu wengine hadi leo.

Nimelifikiria tukio hilo kuliko ninavyofikiria mambo mengi. Mikoa yetu ya magharibi imezika vikongwe wengi kwa maneno ambayo hakuna aliyetakiwa kuyathibitisha. Kule Dodoma mwenye kutuhumiwa ana kanuni ya kumlinda. Pale kitongojini mjane yule alikuwa na bibi yangu tu, na bibi alikuwa na sentensi moja ya redioni.

Hata hivyo, sikuja hapa kumpaka mzee mafuta. Kijiweni wapo wanaouliza swali la haki: mawaziri walianguka, sawa, lakini Kwela ilipata nini? Katika miaka yake yote hiyo barabara ya kutoka Sumbawanga kwenda Tunduma, zaidi ya kilomita 200, ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Mkoa wa Rukwa ulitajwa miongoni mwa mikoa minne mikubwa kwa mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, lakini mahindi hayo yalikaa yakisubiri lori, na lori likifika, mwenye lori ndiye aliyepanga bei. Lami ilikuja kwa fedha za Marekani, kupitia Shirika la Changamoto za Milenia, katika mkataba uliofika mwisho mwaka 2013. Mzee alikuwa ameshaondoka bungeni.

Wengine wanamjibu muulizaji kwamba mbunge hana greda mfukoni. Kazi yake kwa Katiba ni kuisimamia serikali na kuishauri, na aliyeokoa kodi ya taifa ameokoa na barabara ya Kwela pia. Baba mdogo yuko upande huo. Mimi niko katikati, maana nimelisukuma basi kwenye tope la barabara ile nikiwa mtoto, na tope halisomi Katiba.

Halafu kuna kiwanda. Mzindakaya alianzisha kiwanda cha nyama hapa Sumbawanga, SAAFI, ili ng'ombe wa Rukwa wauzwe wakiwa nyama badala ya kuondoka wazima kwa bei ya kutupa. Wazo hilo hakuna Mfipa aliyelikataa. Lakini mkopo wa kiwanda ulipata udhamini wa serikali kupitia Benki Kuu, na katika miaka yake ya mwisho bungeni wenzake wa upinzani waliuliza: ilikuwaje? Naye akalazimika kusimama kujitetea, yeye aliyezoea kuwasimamisha wengine. Wanaomchukia hapo ndipo wanaponicheka: "Shujaa wako huyo!" Wanaompenda wananikataza nisiitaje kabisa habari hiyo, eti nitamchafua marehemu.

Nasema pande zote mbili zinataka niandike uongo. Kanuni aliyoitumia kwa mawaziri ilikuwa halali kutumika kwake. Kuulizwa si kupatikana na hatia, na kuwa shujaa hakukuondolei kuulizwa. Mwandishi anayekubali la kwanza na kukataa la pili, au kinyume chake, ahamie kwenye kampeni, huko ndiko kuna soko.

Mwaka 2010 mzee hakugombea tena. Aliwaachia wengine jimbo. Aliwahi kuwa pia mwenyekiti wa bodi ya Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC. Akafariki Juni 2021. Redio zikasema, magazeti yakaandika, viongozi wakatoa salamu. Wiki moja hivi. Halafu kimya. Nimetembea Sumbawanga nikiwauliza vijana wa umri wangu Mzindakaya alikuwa nani. Mmoja akaniambia ni jina la mtaa. Mwingine akasema, "Si yule wa mabomu?" akidhani alikuwa mwanajeshi.

Hapo ndipo ninapoona kazi yetu, ndugu zangu wa kalamu. Hotuba zake zimo katika kumbukumbu rasmi za Bunge, zimepigwa chapa. Lakini kumbukumbu za Bunge haziandiki kwamba mkulima alianika betri juani ili amsikie. Haziandiki bibi kizee aliyejifunga kanga upya. Mambo hayo yamo vichwani mwa watu ambao sasa wana miaka 70 na 80, na kila masika tunawazika. Bibi yangu tumemzika mwaka juzi. Nilikuwa nimemwuliza mengi, kwa daftari na kalamu, na bado kuna maswali yalibaki mlangoni.

Riwaya yangu nimeibadilisha kwa sababu hiyo. Mbunge wangu wa kubuni sasa ana makaratasi mkononi na ana deni nyumbani, na kwenye jimbo lake kuna mjane mwenye macho mekundu ambaye hajui kwamba sentensi iliyosemwa mbali inaweza kufika uani kwake. Sijui kama itamaliza vizuri. Mchapishaji mmoja ameshaniambia kwamba siasa haiuzi, nijaribu mapenzi. Nimemjibu kwa heshima kwamba mapenzi nayo yamo, avute subira.

Kwenu mnaosema Ufipa haina kisa, Rukwa haina kisa, mkoa wenu wowote ule hauna kisa: nendeni kwa mzee mmoja wiki hii na daftari. Mwulizeni alimpigia nani kura mara ya kwanza, alama ilikuwa jembe au nyumba, na kwa nini. Mkirudi mikono mitupu nitafuta kauli yangu, hapahapa, kwenye kurasa hizi. Mpaka hapo siifuti.

Naomba kutoa hoja.