Siku 41

Niliitwa ligi kuu ya besiboli mwishoni mwa Agosti 1969, nikiwa na miaka 23. Nyuma yangu kulikuwa na miaka minne ya ligi ndogo: kulala ndani ya basi, kula kwa kubana senti, na kubeba mizigo ghalani kila majira ya baridi, maana msimu ukiisha na mshahara umeisha.

Nilikuwa mrushaji. Mwaka huo kilima tunachosimama kurushia kilishushwa kutoka inchi 15 hadi 10, kwa kuwa mwaka uliotangulia warushaji waliwatesa mno wapigaji. Nilijifunza kazi juu ya kilima kirefu, nikaitwa kuifanya juu ya kifupi.

Mara ya sita kuingia uwanjani nilirusha mpira wa kupinda, kiwiko kikalia ko! kama kijiti kikavu. Mpigaji alipiga hewa. Sijawahi kurusha mpira mzuri kama ule, wala sikurusha mwingine mwaka ule. Daktari alinichoma sindano, akasema nipumzike. Msimu uliofuata nilirudi ligi ndogo, lakini mpira ulikuwa ukifika umechoka. Mrushaji Tommy John alipofanyiwa upasuaji wa kwanza wa kujenga upya kano ya kiwiko, mwaka 1974, mimi nilikwisha kuwa fundi viatu.

Baba mkwe ndiye aliyenifunza. Alinipa sindano na uzi wa nta, akashangaa jinsi vidole vyangu vilivyoelewana na ngozi. Mpira wa besiboli una mishono 108. Nilikuwa nimeipapasa kila siku tangu utotoni. Nikashona soli, mikoba, na glavu za watoto ambazo kamba zimekatika. Wateja walikuja na viatu, wakabaki kudai hadithi za siku zile chache.

Enzi zetu pensheni ilitaka miaka minne ligi kuu. Kuanzia 1980 zilitosha siku 43, ila kwa waliokuja baadaye. Mwaka 2011 tukakumbukwa nasi wa zamani: dola 625 kwa mwaka kwa kila siku 43. Nikatoa kalenda ya 1969, nikahesabu kwa kalamu, nikarudia. Siku 41.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. “Hizo mbili uliziacha wapi, mzee?”

Sikuwa na jibu. Mlangoni alisimama mtoto na glavu iliyofumuka, na mechi yake ilikuwa saa kumi.