Petroli ya Kabla ya Ukame

Kabla sijashika mashine ya kukata nyasi kwa mkono wangu, nilikuwa nimeandika makala kama thelathini kuihusu. Wateja walikuwa Marekani na Kanada, na swali lao lilikuwa lile lile: mtu aliyefungia mashine yake stoo Novemba, theluji ikaja ikaenda, afanye nini Aprili ikikataa kuwaka? Walinilipa dola kumi kwa maneno elfu moja. Niliandikia kitandani, Matasia, kwenye chumba cha mabati ambapo stima ikipotea unawasikia ng'ombe wa jirani wakicheua. Theluji nimeiona kwenye filamu tu.

Chuo nilikiacha mwaka wa tatu, karo ilipolemea nyumbani, na hiyo si hadithi ya leo. ChatGPT ilitoka Novemba 2022, na kufikia katikati ya 2023 wateja wangu walikuwa wamenyamaza mmoja mmoja, bila kwaheri, kama watu wanaotoka matangani. Kodi ya nyumba ikalala miezi miwili. Landilodi wangu ni mtu wa maombi, lakini hata yeye alianza kubisha mlango saa kumi na mbili asubuhi.

Sasa, huku kwetu mashine hailazwi na baridi. Inalazwa na jua. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na Kajiado tuliona mizoga ya ng'ombe mpaka macho yakazoea. Wachungaji waliswaga mifugo hadi Nairobi kutafuta majani kando ya barabara. Wakati kama huo nani anakata nyasi za uani? Zile nyumba za geti kubwa chini ya Milima ya Ngong, bustani ziligeuka rangi ya gunia, mashine zikasukumwa stoo na petroli bado iko tumboni. Halafu ikaja El Niño ya mwisho wa 2023. Ndani ya wiki chache nyasi zilifika magotini, watu wakaanza kuogopa nyoka, na kila mtu akawa anatafuta wa kumkatia, wote kwa mpigo. (Nyasi yenyewe, ile inayoitwa kikuyu hata huko Australia, asili yake ni nyanda za juu za huku kwetu. Wazungu wa makala zangu walikuwa wananilipa kuwaeleza jinsi ya kukata nyasi, na wengine wao wanakata nyasi zetu.)

Mzee wa jirani, mstaafu, alikuwa na mashine moja ya magurudumu manne, injini ya Honda, imefichwa nyuma ya magunia ya chakula cha kuku. Mapatano yetu yalikuwa mafupi.

"Kijana, ukiiwasha, itumie. Tutagawana."

"Sawa, mzee."

Nilianza kama nilivyokuwa nikiwaambia watu wa Ohio. Kwanza chomoa kifuniko cha plagi, kikae mbali, ndipo uguse kisu. Injini ikizunguka kidogo tu vidole vinakwenda. Kisha fungua tangi unuse. Petroli nzuri inakupiga puani kwa ukali. Hii ilikuwa na harufu nzito, tamu-tamu, kama vanishi ya seremala. Sehemu nyepesi ya petroli, ile inayoshika moto haraka, huyeyukia hewani ikikaa miezi. Inayobaki hugeuka gundi, na gundi hiyo huenda kukaa mahali pabaya kuliko pote: tundu la jeti ndani ya kabureta, jembamba karibu kama unywele.

Mpaka hapo mimi ni profesa. Lakini makala zangu hazikuwahi kutaja panya aliyetafuna sponji ya filta na kujaza nafasi yake pumba za kuku. Hazikutaja nyigu wa udongo, aliyeziba ekzosi vizuri kabisa, kama fundi wa plasta. Hewa haiingii, moshi hautoki, na ningeweza kuvuta ile kamba mpaka Krismasi.

Mzee alisimama kidete kwenye jambo moja tu: petroli isimwagwe. Lita mbili! Oktoba ile Nairobi lita ilikuwa shilingi 217.36, na yeye aliijaza ile tangi wakati bei ilikuwa karibu nusu ya hapo. Nilimwelewa. Mtu aliyepita ukame na kuku kumi hamwagi kitu. Tukaikinga kwenye kopo, tukaenda nayo pamoja na mashine kwa fundi wa pikipiki Kiserian, mashine ikiwa imefungwa nyuma ya bodaboda kama mbuzi.

Fundi alinusa kopo, akacheka. "Hii si ya kuchoma, ni ya kung'arisha viatu." Akaibakisha ya kuoshea minyororo, na kwa ajili hiyo akatupunguzia mia moja. Mzee akapata amani.

Kilichofuata ndicho kilichonikaa. Nilitaka kumwonya asitumie waya wa chuma kuzibua jeti, kwa sababu chuma hupanua tundu na injini ikaanza kunywa petroli kama mlevi. Nilikuwa nimeandika hilo mara thelathini. Nilifungua mdomo, nikakuta Kiswahili chake sina. Nilikuwa na Kiingereza cha kutosha kujaza blogu tatu, na hapa nimesimama nikisema "kile kidude, kile cha chini." Yeye tayari alikuwa amechomoa uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa stima, laini, na anaupitisha kwenye jeti huku anaongea na mteja mwingine kuhusu bei ya tairi.

"Wewe umesomea wapi hii?" akaniuliza.

"Nilikuwa naiandika."

"Unaiandikia nani?"

Nikamwambia. Akaniangalia muda, kisha akanipa plagi niisugue brashi.

Kwa filta alikata sponji ya godoro akailoweka oili kidogo, nikakaa kimya maana hilo halikuwa kwenye makala yoyote. Petroli mpya, oili mpya, choki imefungwa. Mvuto wa saba iliwaka, ikatoa moshi mweupe uliofunika duka la jirani, kisha sauti ikatulia.

Wiki ile nilikata viwanja sita, mia tano mia tano, vikubwa elfu. Landilodi alipata mwezi mmoja. Majani situpi: vijana wanaochunga hupitia magunia jioni, na wengine hunilipa kwa maziwa.

Mwaka uliofuata mteja mmoja wa zamani alirudi, akitaka makala "yenye uzoefu wa kweli". Nikamwandikia ya panya na nyigu. Alilipa, ila aya hizo aliziondoa.

Januari nyasi zikisimama, nafunga swichi ya petroli na kuacha injini inywe iliyobaki mpaka izime yenyewe. Mzee huja mlangoni kusikiliza.

"Si ungeachia hata nusu lita, kijana?"

"Hapana, mzee."

Hungoja mpaka ikohoe mara ya mwisho, ndipo anarudi kwa kuku wake.