Kabla ya Kushika Kalamu Nyekundu



Mwakani, Mungu akipenda, nitamaliza masomo ya falsafa na kutumwa kwenye mwaka wa uchungaji. Wengi waliotutangulia walipangiwa kufundisha katika seminari ndogo, na mimi nimeshaambiwa nijiandae hivyo: Kiingereza kidato cha kwanza na cha pili, na Kiswahili pia iwapo mwalimu atakosekana. Maana yake ni kwamba vijana wa miaka kumi na nne wataniletea insha zao, nami nitaketi na kuamua ipi nzuri na ipi mbaya. Kwa miezi kadhaa sasa najiuliza: kazi hiyo mtu hufundishwa na nani?

Swali hili nimelipata kwa dada yangu. Yeye ndiye kifungua mimba wetu, mimi ni wa nne. Anasoma shahada ya uzamili ya fasihi Marekani, na tunaongea zaidi kwa ujumbe wa sauti kwa sababu yeye anapoamka sisi tunatoka kwenye chakula cha mchana. Huko, karibu kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo, awe wa uhandisi au wa uuguzi, hulazimika kusoma kozi ya uandishi. Ni desturi ya zamani. Chuo Kikuu cha Harvard kiliiweka kozi hiyo kuwa ya lazima kwa mwaka wa kwanza mnamo 1885, na vyuo vingi vikafuata. Wanafunzi ni wengi mno, na maprofesa wengi wanapendelea kufundisha masomo yao ya ubobezi, kwa hiyo madarasa mengi hupewa wanafunzi wa uzamili na uzamivu, ambao nao bado wanasoma. Dada alifika mwezi wa Agosti. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amesimama mbele ya vijana ishirini na wawili wa Kimarekani, akiwafundisha kuandika kwa lugha yao ya kuzaliwa, yeye aliyeanza kuisoma lugha hiyo kwenye shule ya msingi ya kijijini kwetu.

“Frateri, mdogo wangu,” aliniambia siku hizo, “usiku silali.”

Lakini hawakumtupa tu darasani. Wiki moja kabla ya masomo walifanyiwa semina, na muhula mzima wa kwanza walikutana kila wiki na mwalimu mzoefu. Zoezi alilonisimulia mara nyingi zaidi ni hili. Walimu wapya wote walipewa nakala za insha moja, kila mtu akaisahihisha peke yake, kisha alama zikaandikwa ubaoni. Mmoja aliipa A. Wengine waliipa C. Dada aliipa D kwa sababu ya makosa ya sarufi. Yule mwalimu hakusema nani kapatia. Aliuliza tu: “Kijana huyu alikuwa anataka kusema nini?” Chumba kizima kilinyamaza. Watu wazima kumi na wawili walikuwa wamehesabu makosa, na hakuna aliyeweza kueleza hoja ya mwandishi.

Tangu hapo walielekezwa kuisoma insha mara ya kwanza bila kalamu mkononi. Walielekezwa kuchagua mambo mawili au matatu ya kumwambia mwandishi, maana ukurasa uliojaa wino humfanya mwanafunzi asiangalie kitu chochote. Kila mwanafunzi walikaa naye robo saa juu ya rasimu, kabla ya alama, wakati bado anaweza kurekebisha. Na mwalimu mzoefu alikuja kuketi nyuma ya darasa, akatazama, kisha wakazungumza faragha.

Dada alinielekeza pia kwa mwanamke mmoja ambaye jina lake sikuwahi kulisikia, Mina Shaughnessy. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilifungua milango kwa kila aliyemaliza sekondari jijini humo. Wakaingia maelfu ya watoto wa maskini, weusi, wahamiaji, ambao uandishi wao uliwakatisha tamaa maprofesa. Shaughnessy alikaa na insha zao zipatazo 4,000 akazisoma kwa subira, na mwaka 1977 akatoa kitabu kuhusu alichokiona. Kwa ufupi, aliona kwamba makosa yale yana sababu zake. Mwanafunzi hakosei ovyo. Anafuata kanuni fulani aliyojitungia au aliyoitoa kwenye lugha nyingine, na mwalimu akiitambua kanuni hiyo anajua pa kuanzia.

Sisi hatuhitaji kwenda New York kuliona hilo. Kijana anayeandika “zambi” badala ya “dhambi” anaandika anavyosikia na kutamka nyumbani kwao. Kuhusu dhambi yenyewe huenda anajua kuliko mimi. Anayechanganya “l” na “r” ameleta lugha ya mama yake darasani. Na yule anayeandika Kiingereza akamtaja baba yake kwa neno la kike si mzembe: Kiswahili kinamwita baba “yeye” na mama “yeye”, na hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba Kiingereza kinawatenganisha.

Nakumbuka insha niliyorudishiwa nikiwa sekondari. Ilikuwa na alama 8 kati ya 20 na neno moja jekundu: “Rudia.” Nilirudia, nikapata 9. Hadi leo sijui ile moja niliipata kwa nini. Mwalimu wetu alikuwa na madaftari zaidi ya mia moja mezani, na nadhani naye hakuwahi kuketi na mtu wa kumwonyesha namna ya kumsoma mtoto.

Kanisa lenyewe lililitambua jambo hili zamani. Wayesuiti walipotoa mwongozo wao wa masomo mwaka 1599, waliagiza kwamba vijana wanaokaribia kuanza kufundisha sarufi wakutane na mtu hodari katika ualimu, saa moja, mara tatu kwa wiki, wajizoeze kwa zamu kueleza somo, kuandika na kusahihisha. Kusahihisha kulihesabiwa kuwa kazi ya kufundishwa. Na Mtakatifu Tomaso wa Akwino, anapouliza kama mtu anaweza kumfundisha mwenzake, anamfananisha mwalimu na mganga: dawa husaidia, lakini mwili wenyewe ndio unaopona. Ndivyo akili ya mwanafunzi inavyofanya kazi, na mwalimu huisaidia kutoka nje. Mganga asiyemuuliza mgonjwa anaumwa wapi atampa dawa ya ugonjwa gani?

Sitaki kuisifu Marekani kupita kiasi. Walimu wanafunzi wale hulipwa kidogo kwa kazi kubwa. Mwaka 2022, wafanyakazi wa kitaaluma wapatao 48,000 wa Chuo Kikuu cha California, wengi wao wakiwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu, waligoma wakidai malipo ya kuishi. Sisi tunaosoma mafundisho ya jamii ya Kanisa tangu waraka wa Papa Leo XIII wa 1891 hatuna budi kuwaelewa. Hata hivyo, wale wanaolipwa kidogo walau wanaandaliwa. Kwetu frateri hupewa barua, ratiba na boksi la chaki.

Nalisema hili kwa sababu kijana wa kidato cha kwanza wa seminari ndogo huandika mambo ambayo hawezi kuyasema kwa mdomo. Katika insha ya “Familia Yangu” anaweza kutaja, katikati ya makosa kumi ya sarufi, kwamba baba aliondoka nyumbani. Anayehesabu makosa tu atapita hapo asione. Na frateri atakayezoea kupita hivyo leo, kesho atakuwa padre kwenye kiti cha maungamo.

Nimelipeleka jambo hili kwa Baba Gombera. Amekubali tuanze kidogo: wanne wa mwaka wa tatu, kila Alhamisi baada ya Masifu ya Jioni, tukisoma insha moja pamoja na kulinganisha alama na maoni yetu. Tunachokosa ni mtu wa kutuongoza. Parokiani kwenu kuna walimu waliostaafu ambao wamesahihisha insha kwa miaka thelathini. Tafadhali wapelekeeni ombi hili. Na aliye na daftari la zamani la insha la mtoto wake, akiridhia na mtoto akiridhia, atutumie nakala bila jina. Tutaisoma kwanza bila kalamu.