Mumbere yuko wapi? Wanafunzi wetu wanatayarisha filamu

Wasikilizaji wetu wa Butembo na Beni, na ninyi mliokimbia vijiji vyenu na sasa mnalala kwa ndugu au kwa watu ambao hamkuwajua: juma hili siwaletei habari ya shambulizi wala ya barabara iliyofungwa. Nawaletea habari ya filamu ambayo bado haijapigwa hata picha moja.

Wanafunzi saba wa sekondari, wanne wa hapa Butembo na watatu waliofika pamoja na wazazi wao kutoka upande wa Beni, wanatayarisha mchezo wa filamu wa dakika kumi na tano. Vyombo vyao ni simu moja yenye kamera nzuri, na kirekodi changu cha sauti. Nadhani waliniita kwa ajili ya hicho kirekodi; mashauri yalikuja nyuma. Wananiita yaya, na yaya akiombwa na wadogo zake hawezi kusema hapana.

Hadithi yenyewe ni fupi. Familia moja ya Mbau imekimbilia Butembo, baba hayuko. Kijana yuko mwaka wa mwisho wa sekondari na anatafuta pesa za kulipia mtihani wa serikali. Kule nyuma, shamba lao la kakao limeiva. Anataka kurudi siku mbili tu, avune, auze, alipe. Mama yake hataki. Basi.

Ninyi mnajua kwamba hapo hakuna jambo kubwa la kubuni. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza katika wilaya ya Beni, watu wengi wamekutwa shambani, panga la kazi likiwa mkononi. Walikuwa wanajua hatari. Walirudi kwa sababu mihogo na kakao viko kule, na watoto wako huku. Kisha mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ikapanda hata kupita dola 10,000 kwa tani. Pale shamba ambalo mwenyewe amekimbia lilipata wageni wengi. Mti wa kakao hauulizi jina la anayekata tunda.

Andiko lao la kwanza lilianza usiku: mapanga, kelele, moto, watu wanakimbia na watoto mgongoni. Walikuwa wameandika hata damu itatengenezwa namna gani, rangi ya chakula na sukari. Nikawauliza: filamu hii mtaionyesha wapi kwanza? Wakasema, mtaani, kwa familia za wakimbizi na wale wanaowapokea, kwenye ukuta wenye shuka jeupe. Ndipo msichana mmoja kati ya wale watatu, ambaye kwa kawaida husema kidogo, akasema: “Mama yangu ataondoka kabla ya dakika ya pili. Na hatarudi.”

Hakuna aliyemjibu. Kijana mwenye simu bado alishikilia kwamba dunia lazima ione. Namwelewa. Lakini dunia imeshaonyeshwa picha za Beni kwa miaka mingi, na shuka lile halitundikwi kwa ajili ya dunia. Litatundikwa kwa ajili ya mama aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, mtoto magotini. Yeye haitaji kufundishwa panga ni nini.

Kulikuwa na sababu nyingine, isiyohusu sanaa. Tangu Mei 2021 jimbo letu liko chini ya hali ya dharura na utawala wa kijeshi. Raia anayevaa nguo za askari, hata kwa mchezo, anajitafutia gereza au jambo baya zaidi. Vijana wanaokimbia jioni na mapanga ya mbao wanaweza kukutana na watu ambao hawatauliza kama ni ya mbao. Na mlio wa risasi kutoka kwenye baffle, hata wa uongo, utaufunga mtaa mzima. Kwa hiyo tukaandika kanuni tatu juu ya ubao: hakuna silaha, hakuna nguo za askari, hakuna mlio wa risasi. Ruhusa iombwe kwa wakubwa wa mtaa kabla ya kuanza, na karatasi itembee pamoja na simu.

Sasa, ukiondoa vyote hivyo, vita unaionyesha namna gani? Hapo ndipo kazi ilipokuwa tamu.

Katika andiko la kwanza kijana aliitwa Patrick. Nikawaambia wampe jina la nyumbani. Wakamwita Kambale. Waliendelea kuandika mpaka yule msichana akasimamisha kalamu: “Kama yeye ni Kambale, Mumbere yuko wapi?”

Kwa wasio Wanande nieleze kidogo, maana tunao pia ndugu wengi waliotoka mbali. Kwetu mtoto anazaliwa na jina likimngoja kwa zamu yake: mvulana wa kwanza Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, msichana wa kwanza Masika. Wapo wanaotumia majina mengine, lakini mtu wa hapa akisikia Kambale anajua kwamba mbele yake alipita mvulana mwingine.

Basi filamu haitasema neno juu ya Mumbere. Mama ataita “Kambale!” mara tatu au nne, atamwita na Kasereka aende kuchota maji. Sahani zitapangwa. Kuna shati moja kubwa ambalo Kambale analivaa na mikono yake haifiki mwisho. Watazamaji wetu watahesabu wenyewe. Na mama anapokataa mtoto asirudi Mbau, hatahitaji kueleza sababu. Mimi nimefanya radio miaka mingi, na naona hiyo ni bora kuliko lita kumi za damu ya sukari.

Mgeni kutoka Kinshasa huenda asielewe hapo. Kijana wa simu alilalamika juu ya hilo, na lalamiko lake lina haki. Tulikubaliana kwamba shati litamsaidia mgeni, jina ni la wenyeji.

Shamba pia halitaonekana. Huku Butembo kuna baridi na mikaratusi. Ukipiga picha hapa ukasema ni Mbau, mtoto wa miaka sita kutoka Oicha atacheka. Kwenda Mbau kwenyewe hatutaki hata kuzungumza. Kwa hiyo kakao itaingia kwa sauti: mbegu kavu zikimwagwa juu ya turubai, zikigeuzwa kwa mkono, chuma cha mizani kikigonga kwenye depo. Aliyewahi kuanika kakao ataisikia hata harufu yake.

Niliwasimulia pia juu ya Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani. Mwaka 2020 alitoa En route pour le milliard, juu ya majeruhi wa vita vya siku sita vya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji ule. Hamadi anawafuata wenyewe, na magongo yao, ndani ya mashua ya kwenda Kinshasa kudai malipo. Katikati unawaona jukwaani wakicheza maisha yao. Vita iko katika namna wanavyopanda ngazi.

Kuna jambo nililowakatalia kabisa: mzee wa mwisho anayesimama na kutoa mafundisho. Wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, tulichezewa michezo mingi yenye mzee wa namna hiyo. Watu walikuwa wanaondoka alipofungua kinywa.

Mwisho wa filamu ndio unaotugawa mpaka leo. Wanne wanataka Kambale aondoke alfajiri na mlango ubaki wazi. Wawili wanataka abaki, akose mtihani. Msichana wetu hajapiga kura. Anasema nyumbani kwao jambo hilo halijaamuliwa bado, kaka yake anataka kwenda. Nilipomuuliza kama afadhali tubadili hadithi, alikataa. Anataka mama yake aisikie ikisomwa kabla ya kupigwa picha, na kaka yake akiwa amekaa pale pale.

Usomaji huo utafanyika Jumamosi, uani kwa familia inayowapokea. Wanafunzi wanatafuta kuazima mizani ya kakao ya kutundika, magunia mawili, na shati la mwanaume, kubwa, la zamani. Mwenye navyo awaambie wanafunzi wa mtaani kwake, watafika kwetu.