Kiondo cha Njiani

Watu wengi hudhani kuwa kupumzika ni kulaza mikono. Mimi nami nilidhani hivyo mpaka siku moja ya Desemba, nilipofuatana na rafiki zangu kwa gari kutoka Kitui kwenda Kibwezi, katika Kaunti ya Makueni, kumtembelea mwenzetu aliyejenga huko. Hatukuwa na haraka wala biashara. Tulikodi gari la abiria la viti 14, tukapakia vyakula, maji na mikeka, tukaafikiana kwamba penye kivuli kizuri tutasimama.

Mmoja wetu alikuja na mama yake mzazi, mwenye umri uliopita miaka 80, aliyekuwa jirani wa marehemu mama yangu. Miguuni pake paliwekwa kibuyu cha pombe ya asali, ambayo Wakamba huiita kaluvu. Nchi zenye mizabibu zina divai yao. Ukambani, ambako mizinga ya magogo hutundikwa juu ya migunga na mibuyu, asali ndiyo zabibu yetu. Kinywaji hicho tangu zamani hakikuwa cha vijana wala cha kila siku. Kilikuwa cha wazee, cha mahari na cha kuwapatanisha waliogombana. Dereva wetu hakuwa na fungu ndani yake.

Mvua zilikuwa zimenyesha, na vichaka vilivyokuwa vikavu kama kuni vilikuwa vimevaa majani mabichi. Hatujaiacha nyumba ya mwisho ya mji, mama mzee alitoa kiondo kilichosukwa nusu. Kiondo huanzwa kitakoni, nacho hupanda duara baada ya duara. Nyuzi mbili hupishana, moja mbele na moja nyuma, zikiufumbata kila uzi wa wima. Vidole vyake vilikwenda pasipo kuangaliwa. Macho yake yalikuwa nje, yakitazama mashamba ya watu.

Nyuzi zake zilikuwa za mkonge, aliozisokota mwenyewe juu ya paja. Mkonge si mzaliwa wa nchi hizi. Asili yake ni Mexico, na mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai pwani ya Tanganyika ilikuwa 62 tu. Kabla ya hapo bibi zetu walisuka kwa nyuzi za magome ya mbuyu. Mmea ulikuwa mgeni. Ufundi ulikuwa wa wenyeji.

Tulipopita Mutomo nilimwambia, "Mama, leo ni siku ya mapumziko. Mbona hupumziki?"

Akacheka. "Mwanangu, ninapumzika. Kazi ilikuwa kusuka huku nikipanda mlima na mtungi wa maji mgongoni. Leo nimekaa kitini."

Neno hilo lilinichoma, kwa sababu nilikuwa na deni la zamani. Mwaka 1978 nilipata nafasi katika shule ya bweni. Mama yangu hakuwa na sanduku la kunipa. Alinisukia kiondo kikubwa chenye mistari myekundu, akakitia nguo zangu na mahindi ya kukaanga. Nilipolikaribia lango niliwaona wavulana wenye masanduku ya bati. Nilizifunga nguo zangu katika shuka, nikakitupa kiondo kichakani, nikaingia. Likizo ilipofika nilimwambia mama kuwa kimeibiwa. Hakuniuliza lolote. Katika miaka ileile wanawake wa Ulaya na Marekani walikuwa wakinunua vyondo vya Kenya na kuvitia begani kwa maringo; mimi nilikionea haya nilichopewa bure.

Baada ya Ikutha tulivuka mwinuko wa Yatta, uliofanywa na mtiririko wa lava wenye urefu wa karibu kilomita 300, tukateremka hadi mto Athi. Ng'ambo ya pili tulitandika mikeka chini ya mbuyu, tukala. Mama mzee alimiminiwa kaluvu kidogo katika kibuyu kidogo. Kabla hajanywa alimwaga tone chini, akalitaja jina la mama yangu.

Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayehesabu nyuzi, "Kile kiondo chako chenye mistari myekundu tulikiona. Tulikuwa tumekusindikiza kwa mbali, tuone kama utapokewa. Ulipokwisha kuingia mama yako alikiokota, akakikung'uta, akakiuza sokoni. Ndicho kilicholipa nauli yako ya kurudi likizoni."

Sikuweza kujibu. Wenzangu walinyamaza, na mto ukasikika. Laiti ningalijua mapema! Lakini angenishitaki mama yangu, ningepata kosa la kujitetea. Alininyamazia, nami sikupata.

Tulipoondoka nilikaa karibu na mama mzee, nikamwomba anifundishe. Nilisuka duara moja kwa shida, vidole vikiuma. Alilitazama, akalifumua lote, akanirudishia nyuzi. Nikaanza tena. Tulifika Kibwezi jua likiwa limeinama juu ya mashamba ya mkonge, na duara langu la pili lilikuwa halijatimia.

Kijana msomaji, haba na haba hujaza kibaba, na ada ya shule nyingi za nchi hii ilikusanywa hivyo, uzi kwa uzi, na watu waliokuwa njiani kwenda kisimani. Yamkini wewe nawe umebeba kitu kilichofanywa na mikono ya mtu asiyelala mapema. Ukifika langoni, ingia nacho.